Kadibodi Chini ya Tofali

Bosi wangu ana miaka saba, na ni binti yangu wa kumzaa. Jina hilo nilimpa mwenyewe, maana humu ndani haamrishwi na mtu. Ana usonji, na hapendi kuguswa. Nikimkumbatia anakakamaa hadi nimwachie.

Isipokuwa kwenye ubao. Seremala alituchongea, mrefu kama kitanda, mpana kama kiganja, tukauweka juu ya matofali mawili kando ya cherehani yangu. Chini ya tofali moja niliweka kadibodi iliyokunjwa, kwa kuwa sakafu imebonyea. Mwalimu wa mazoezi alisema Bosi akizoea kutembea juu yake, hataanguka tena ngazini, na ataweza kuvaa suruali amesimama. Sawa. Mimi nilijali jambo moja: juu ya ubao alinishika mkono. Dakika kumi kila asubuhi, vidole vyake vya moto vimening'ang'ania. Baba yake anafanya kazi mbali. Hakuna mwingine anayenigusa.

Miezi ikapita. Mkono ukawa vidole viwili, kisha kimoja. Wiki iliyopita mwalimu akasema, "Mama Bosi, Jumatatu tunamwachia aende mwenyewe."

"Bado, mwalimu. Haraka haraka haina baraka."

"Mwaka mzima ndiyo haraka?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu, kabla mwalimu hajafika, niliichomoa ile kadibodi nikaiweka juu ya cherehani. Sijivunii. Nilitaka ubao utikisike kidogo tu, mwanangu anihitaji.

Bosi akapanda. Ubao ukacheza. Akanyoosha mkono, nikaudaka upesi.

"Si unaona?" nikamwambia mwalimu. "Bado."

Bosi akaniachia. Akashuka, akapiga magoti, akachungulia chini ya tofali. Mtoto huyu hata kiatu kikisogezwa inchi moja anajua. Akainuka, akatazama huku na huku, akaichukua kadibodi juu ya cherehani, akairudisha mahali pake na kuibonyeza kwa kidole. Kisha akapanda tena, akatandaza mikono, akatembea mpaka mwisho.

Mwalimu alipiga makofi. "Hongera, mama! Hiyo ni kazi yako."

"Asante," nikasema. Mkono wangu ulikuwa bado umenyooshwa juu ya ubao. Bosi alirudi kuanza upya, na alipoufikia mkono wangu aliinama kidogo, akapita chini yake bila kuugusa.