Wote Wana Sura ya Chiriku

Saa tisa na nusu alasiri Mama Ziada alipanga vikombe thelathini na kimoja vya plastiki kwenye meza ndefu ya ukumbi, akamimina chai ya maziwa mpaka kwenye alama aliyoichora mwenyewe kwa kalamu, ili asitokee mtu wa kulalamika kwamba mwenzake kapewa nyingi. Kisha akafungua mlango na watoto wakaingia kwa kusukumana.

Walimwita Mama Ziada kwa sababu ndiye aliyekuwa mlezi wa Saa za Ziada, mpango wa shule kwa watoto ambao wazazi wao huchelewa kutoka kazini. Masomo yakiisha, watoto hao walibaki mpaka saa moja jioni. Walikunywa chai, wakachora, wakaogelea kwenye bwawa la shule, wakasaidiwa kazi za nyumbani. Jumatano alikuja mshauri wa familia, kijana mpole mwenye viti laini ofisini kwake, kuwafundisha wazazi namna ya kukaa nusu saa na mtoto bila simu.

Mtoto wa Mama Ziada mwenyewe alikuwa amefungiwa ndani. Chumba chao kilikuwa nyuma ya ukuta wa shule, mwendo wa dakika nne, na mbele yake ilipita barabara ya malori. Bintiye, wa miaka saba, alisoma shule nyingine iliyotoka saa sita mchana. Mama alimpa chakula, akamwachia chupa ya maji, vipande viwili vya mkate na kitabu kisicho na jalada, akafunga kufuli kwa nje, akaenda kulea watoto wa watu. Alimwita Chiriku, kwa kuwa zamani alikuwa akipayuka mpaka usingizini. Siku hizi ukimuuliza neno anakujibu kwa kichwa. Mwaka uliopita alipanda kiti achungulie dirishani, kiti kikateleza, akapasuka juu ya jicho. Mama alimkuta saa moja na robo, damu imeshakauka. Alishonwa nyuzi tatu, likabaki kovu.

Mara tatu Mama Ziada alikwenda kwa mwalimu mkuu kumwombea nafasi.

"Mtoto wa mfanyakazi haingii," alisema mwalimu mkuu. "Ukimwona wako utawasahau wa wenzako."

"Na wa kwako, Mwalimu?" Maana binti wa mwalimu mkuu alikuwamo, tena kiti cha mbele kabisa.

"Mimi si mfanyakazi, mama. Mimi ni uongozi."

"Sawa, Mwalimu," alijibu Mama Ziada. Haikuwa sawa hata kidogo, na njiani alitukana matusi ambayo hakujua kama anayajua.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi kamili, watoto walipomaliza chai, wote thelathini na mmoja walikuwa na sura ya Chiriku. Wavulana kwa wasichana, pengo la meno ya mbele, sikio la kushoto limechomoza, kovu juu ya jicho. Walitazamana. Mmoja akasema, "Umefanana na mimi," mwenzake akajibu, "Wewe ndiye umefanana na mimi," wakaenda kuchora. Mama Ziada alikusanya vikombe akavisuuza.

Wa kwanza kufika jioni alikuwa mwanasheria, funguo za gari mkononi.

"Nipe mtoto wangu, nawahi."

"Yuko hapo, mchukue."

Mwanasheria aliwatazama mmoja mmoja. "Yupi?"

"Jamani! Mimi nijue, na wewe ndiye uliyemzaa?"

Akainama kwa mmoja wao, akagusa kovu. "Hili wamelipata wapi?"

"Mwenyewe alianguka akichungulia dirishani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje."

"Masikini! Mwenyewe nani?"

"Binti yangu."

"Pole sana," alisema mwanasheria, akaanza kukagua viatu.

Ikajulikana usiku ule ule kwamba mtoto akinawa uso nyumbani kwa ajili ya chakula, sura yake inarudi, ingawa maji ya bwawa hayakuitoa ile ya Chiriku. Watoto wanne walikuwa wamekwenda nyumba zisizo zao, wakabadilishana kwa simu. Baba mmoja aligundua sahani zilipokuwa zimeshaondolewa mezani. Kesho yake saa kumi sura ya Chiriku ikarudi vilevile, na keshokutwa.

Mama Ziada peke yake ndiye aliyewajua. Nani anavuta kamasi, nani anafunga kamba za viatu kuanzia kushoto, nani hujikuna goti akidanganya. Angeweza kuwakabidhi wote kwa dakika tano. Ng'o! Alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Nitakupa," alimwambia kila mzazi. "Lakini kwanza niambie, mwanao anaogopa nini?"

"Giza?" alijaribu mwanasheria.

"Wako anaogopa puto. Kaa pale ufikiri vizuri, nitakuuliza lingine."

Wakakaa kwenye viti vya watoto, magoti usawa wa masikio, suti na tai zao, mpaka saa mbili, wengine mpaka saa mbili na nusu. Meneja mmoja alilia, hakukumbuka hata mwanawe analala upande gani. Mama Ziada alimpa karatasi ya kufutia machozi, na roho ilimsuuzika. Tuseme ukweli, alifurahi. Kwa wiki mbili hakuna chakula kilichomshinda.

Wazazi walipeleka malalamiko. Hawakulalamikia sura, walilalamikia foleni. Mwalimu mkuu akaagiza tepe za kitambaa zenye namba, kila mtoto avae yake mkononi, mzazi asome namba aondoke na mtoto. Namba moja alipewa binti yake. Mlezi akaandikiwa barua ya kumkataza kuwahoji wazazi. Mshauri wa familia naye akaandika ripoti kwamba watoto kufanana kunapunguza wivu, na kwamba nyumba nyingi sasa zinakula pamoja.

Mama Ziada alikwenda mara ya nne.

"Mwalimu, watoto thelathini na mmoja wana sura ya mwanangu na wote wanapewa chai. Mwenye sura yake ndiye asiingie?"

Mwalimu mkuu alifikiri, maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Hapa hatuangalii sura, mama. Tunaangalia orodha."

"Haya," alisema Mama Ziada. Safari hii njiani hakutukana.

Kesho yake, saa kumi na dakika kumi, wengine wakiwa na mwalimu wa kuchora, alimshika Namba Moja mkono. Wakapita mlango wa nyuma wa vyoo.

"Tunakwenda wapi?" aliuliza binti wa mwalimu mkuu.

"Kwangu. Utapumzika kidogo."

Alimvua utepe, akamvalisha Chiriku pamoja na sare. Akamwachia mtoto wa watu chupa ya maji, vipande viwili vya mkate na kitabu kisicho na jalada. Hakuongeza, hakupunguza. Akafunga kufuli.

Chiriku alichora, akafundishwa kupiga mbizi, akachekwa, akacheka. Saa kumi na moja mwalimu mkuu alipita kukagua ukumbi, akasoma utepe, akampapasa kichwani.

"Umekunywa chai, mwanangu?"

"Ndiyo, Baba," alijibu Chiriku.

Akaridhika akaenda zake. Mama Ziada alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, na ilibidi ajiume ulimi asipige kigelegele. Saa moja kasorobo aliwarudisha kila mmoja kwake, na Chiriku alisema njia nzima mpaka nyumbani, akasema mpaka usingizini.

Binti wa mwalimu mkuu alimweleza baba yake kwamba kila siku anafungiwa kwenye chumba chenye kiti kimoja, na malori yanapita. Baba akampeleka kwa mshauri. Mshauri alimkalisha kwenye kiti laini, akamsikiliza kwa uangalifu, akaandika kwamba mtoto ana ubunifu mkubwa na anastahili daftari la hadithi. Daftari likanunuliwa. Mambo yakaendelea hivyo muhula mzima, na hakuna aliyeuliza tena.

Jumatano moja Mama Ziada alikuwa ameshafunga kufuli, Chiriku yuko pembeni yake na utepe mkononi, akasikia kiti kinaburutwa ndani. Aligeuka. Kwenye nondo za dirisha palikuwa na pengo la meno, sikio lililochomoza, kovu juu ya jicho. Ilikuwa sura ya mwanawe, imejaa machozi, inamtazama. Vidole vidogo vimeshika chuma.

"Mama," ilisema ile sura. "Usiniache."

Miaka miwili alikuwa akiondoka bila kugeuka, kwa makusudi, ili asiione. Sasa aliiona. Mkono ukamtoka wenyewe, ukaenda mfukoni kwenye ufunguo. Alichukia. Alimchukia mwalimu mkuu, akaichukia orodha, akajichukia na yeye, na ufunguo ukabaki mfukoni.

Chiriku alimvuta gauni.

"Twende, Mama. Mle ndani unalia mpaka kama saa kumi na moja hivi, halafu unanyamaza," alisema. "Unazoea."

Wakaondoka haraka kidogo, kwa sababu Jumatano Namba Moja alikuwa wa kwanza kuingia bwawani.