Mgeni wa Chumba 307 Hajakauka

Saa tisa kasorobo mchana, siku ya pili ya maonyesho ya biashara ya Oktoba, Felisia alitoka kituo cha metro cha Xiaobei, Guangzhou, akiwa na mkoba mmoja begani na miguu iliyovimba kwa kuzunguka kumbi za Pazhou tangu asubuhi. Ndani ya mkoba mlikuwa na katalogi tatu za viatu vya watoto, chupa ya maji, na kata ya kibuyu ya kunywea mbege, pombe ya ndizi ya kwao, iliyoviringishwa kwenye kitenge. Uwanja wa ndege wa Baiyun ofisa wa forodha aliigeuza ile kata mara mbili akauliza ni kitu gani. Felisia akasema ni kikombe. Akapita.

Adhiambo alikuwa anamsubiri mlangoni mwa baa. Huyu alikuwa mwanamke wa Kisumu, miaka kumi na moja Guangzhou, kazi yake kuwafungia Wakenya na Watanzania mizigo na kuwatafsiria.

"Mama Agape, umekonda."

"Sijakonda. Nimetembea."

"Basi twende. Mzee wako yuko, na leo hajaamka vibaya."

Zamani lile jengo lilikuwa hoteli ya orofa sita, na nusu ya wafanyabiashara wa Moshi, Kariakoo na Eastleigh waliwahi kulala pale. Sasa lilikuwa baa kubwa kuliko zote katikati ya mji. Dari za orofa tatu za chini zilibomolewa ukabaki ukumbi mmoja mrefu kwenda juu kama kanisa. Kuta zilikwanguliwa mpaka matofali yakaonekana. Choo kilikuwa na viti vya kupasha joto makalio. Chakula uliagiza kwa kupiga picha kwa simu kijimraba kilichobandikwa mezani, na familia nzima nzima zilikaa zikila chipsi na watoto wao. Kaunta ilikuwa na pampu nane za shaba za kuvuta kwa mkono, mishikio ya mbao, kwa sababu bia ya pale haikuchujwa wala kutiwa gesi. Iliingizwa kwenye pipa ikiwa bado inachemka yenyewe, ikauzwa ikiwa bado inachemka. Vijana wa mjini waliiona ni jambo jipya. Felisia, ambaye mama yake alipika mbege kila Ijumaa kwa miaka thelathini, hakuona jipya lolote.

Kasmir, mume wake, alikuwa amekaa hewani juu ya meza namba kumi na tisa, mita sita kutoka sakafuni. Pale ndipo ulipokuwa ukingo wa kitanda cha chumba 307. Alivaa lile koti lake la kijivu. Maji yalimdondoka kwenye pindo, tone moja kila baada ya pumzi mbili, yakaangukia ndoo nyekundu ya plastiki iliyowekwa katikati ya meza. Mhudumu alikuja, akaimwaga ndoo, akairudisha, akaenda kupokea oda.

Wapo watakaosema mambo hayo yamepita. Hayajapita, na tarehe zake zinajulikana. Ilikuwa Jumanne, tarehe saba Aprili 2020, saa nane na dakika kumi mchana, mvua inanyesha. Ugonjwa ulikuwa umeingia duniani na ikasemwa kuna amri. Karatasi ya amri hakuna aliyeiona. Milango ya orofa nne za hoteli iligongwa, wakateremshwa watu thelathini na mmoja watolewe nje, wote Waafrika. Wageni wengine walibaki vyumbani wakila tambi. Majibu ya vipimo vya Kasmir na Felisia yalikuwa safi, yalikuwa juu ya dawati la mapokezi, na hapana mtu aliyeyagusa.

Kasmir alikuwa na kisukari. Insulini yake ilikuwa kwenye jokofu dogo la chumbani. Aliomba apande mara moja aichukue. Karani wa mapokezi akamwambia kwa upole kwamba haiwezekani, ni kwa usalama wa kila mtu. Kasmir akaomba jambo la pili: aandike kwenye kompyuta kwamba amemfukuza. Karani akaandika. Mtu mmoja aliyejua Kichina akawasomea: mgeni ameondoka kwa hiari yake.

Walilala chini ya daraja la barabara ya juu siku tatu, maduka yote ya dawa yakiwafungia mlango. Siku ya nne gari la wagonjwa likaja, siku ya tano Kasmir akafa. Mwili ulichomwa bila kuulizwa mtu. Majivu yalifika nyumbani kwao Kibosho kwa ndege ya mizigo, ndani ya kopo zuri. Mama yake Kasmir alilitazama lile kopo, akasema hayo ni majivu, yeye alizaa mtu. Shimo lilikuwa limeshachimbwa kihambani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba ya babu. Bibi huyo akakataza lisifukiwe.

Kasmir mwenyewe alikuwa amerudi chumbani kufuata dawa yake. Alikuta jokofu limeuzwa, akakaa kitandani kungoja. Jengo lilipofungwa kwa ukarabati mafundi walibomoa sakafu, yeye akabaki pale pale. Mkaguzi wa usalama aliagiza avalishwe kofia ngumu ya njano, na kwa miezi kumi na minne aliivaa. Walipomaliza kazi waliichukua, maana ilikuwa mali ya mkandarasi.

Felisia alijua la kufanya. Shida ilikuwa pombe. Marehemu haitwi arudi nyumbani kwa bia ya chupa, imekufa kama yeye. Baba yake Kasmir alimiminiwa ya chupa mwaka 1996, na kwa miezi miwili alikuwa akija jikoni kila jioni kuuliza kama ndizi zimewaishia. Mwaka 2023 Felisia alijaribu kusafiri na mbege kwenye chupa ya chai. Ilivimba ikapasuka juu ya Addis Ababa ikamlowesha padri. Ndipo Adhiambo alipomtumia ujumbe wa sauti: lile jengo lenu limekuwa baa, wanauza pombe ambayo haijauawa, na mzee wako naona yuko huko juu.

"Laoban anakuja," Adhiambo alisema. Hilo ndilo neno la bosi, kila duka la Guangzhou.

Meneja alikuja amevaa aproni ya ngozi. Aliitwa Huang, na alikuwa ndiye yule karani. Alimtazama Felisia, akafikiri kidogo.

"307," alisema.

"Anakukumbuka," Adhiambo alitafsiri.

"Mimi pia namkumbuka. Mwambie naomba ngazi ya kusafishia taa, na bia moja kutoka pipa la tatu. Nimeiona inapanda povu vizuri."

Ngazi ikaletwa. Meneja aliishika mwenyewe isiyumbe. Felisia akapanda mpaka uso wake ukawa sawa na magoti ya mume wake.

"Baba Agape."

"Umechelewa."

"Walifunga nchi miaka mitatu. Halafu wakafunga jengo."

"Agape je?"

"Anasomea uuguzi. Anasema atakuwa anatembea na insulini mfukoni hata kama mgonjwa hana sukari."

Kasmir aliligusa pindo la koti. Tone likadondoka, na lingine.

"Na mama?"

"Anangoja. Shimo lako liko wazi. Wameshatumbukia kuku wawili, na mwenyekiti wa kitongoji mara moja, akitoka kunywa."

"Alitoka?"

"Alilala humo mpaka asubuhi. Anasema halina unyevu."

Kasmir akacheka, maji yakamwagika kwa wingi, na mteja wa meza kumi na nane akavuta kiti chake pembeni bila kuacha kula.

"Nimekuja na kata," Felisia alisema. "Pombe yao nimeiona. Iko hai. Nikupe tuondoke, ndege yangu ni Alhamisi."

"Wewe hukunifukuza."

"Mimi ni mke wako."

"Ndiyo maana. Wewe unajua inavyokwenda."

Alijua. Kule Kibosho anayekupa pombe huionja kwanza mbele ya macho yako, kwenye kata hiyo hiyo, ili ujue hakuna sumu ndani. Na mtu aliyefukuzwa nyumbani mwa mtu haondoki na jambo likiwa wazi. Aliyemfukuza anaonja, anampa, yeye anaimaliza, kata inageuzwa chini. Hakuna hotuba. Baada ya hapo kila mmoja anakwenda kwake, na hata kama hawatasalimiana tena, hakuna anayebaki amekaa njiani. Mke hawezi kumfanyia hayo mume kwa niaba ya nyumba isiyo yake. Felisia alikuwa ametumaini kwamba miaka mitano ya kungoja ingemlegeza. Haikumlegeza. Aliteremka.

Adhiambo alimweleza meneja taratibu, kwa Kichina cha sokoni na mikono miwili. Meneja alisikiliza yote. Alisema anaelewa, kwao pia wazee waliofariki hupewa vyao. Alisema yeye wakati ule alikuwa karani tu, ana mwezi wa tatu kazini, na ile ilikuwa amri.

"Ya nani?" Felisia aliuliza.

Adhiambo akauliza, akajibiwa. "Anasema iliingia kwa simu."

Kasmir akasema kutoka juu, "Mwambie sitaki simu wala karatasi. Anywe, anipe. Fundo moja."

Felisia alifungua kitenge akaitoa kata. Ilikuwa nyeusi ndani kwa mbege ya miaka arobaini, na mdomo wake ulikuwa na ufa ulioshonwa kwa waya. Akaijaza kutoka kwenye bilauri, povu likasimama. Akaishika kwa mikono miwili, akampelekea.

Meneja aliitazama. Kila mtu aliyenunua nguo soko la Shisanhang anaujua ule uso, ni uso unaokuja kabla ya neno lenyewe.

"Meiyou," alisema. Hakuna. Kisha akaonyesha ukutani. Palikuwa na kibao chenye picha ya watu wawili na bilauri moja katikati, na mstari mwekundu umekatiza. Tangu ugonjwa ule, Adhiambo alitafsiri, watu wawili hawanywi chombo kimoja humu ndani. Ni sheria ya nyumba. Ni kwa usalama wa kila mtu.

"Kasema hivyo hivyo?" Felisia aliuliza.

"Neno kwa neno, Mama."

"Mwulize kama anakumbuka aliyasema wapi mara ya kwanza."

Adhiambo akauliza. Meneja akasema huwaambia wateja wengi.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kukosa adabu. Aliagiza bilauri safi yenye nembo ya baa, akaijaza nusu, akaiinua juu kumwelekea Kasmir na kusema maneno marefu ya ukarimu, akanywa yote. Wateja wakapiga makofi. Msichana wa matangazo ya baa akapiga picha, akamwomba Felisia asogee kidogo kushoto ili kata ionekane.

"Ako na nia poa," Adhiambo alisema, hakumtazama Felisia. "Anauliza kama mzee ametosheka."

Kasmir alikuwa amegeuka. Alikuwa anatazama ukuta wa matofali, pale lilipokuwa jokofu.

Felisia alipanda ngazi tena na ile kata imejaa. Hakumpa, maana hakutaka kumlazimisha mume wake kukataa mara mbili. Aliinywa yeye, yote, amesimama kwenye ngazi. Ilikuwa na uchachu wa siku ya tatu, nzito kidogo, kama ya mama yake. Ilikuwa pombe nzuri, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Akachukua kitenge akamkausha kichwa. Kitenge kilijaa maji. Akakikamua kwenye ndoo, akamkausha mabega, akakikamua tena. Alifanya hivyo mara saba. Kasmir akabaki vile vile.

"Acha," alisema. "Waache wapige deki."

"Nimwambie nini mama?"

"Mwambie sijaondoka kwa hiari. Na hapa sikai kwa hiari. Niachie kata."

"Ya kazi gani? Yule meneja hana nia ya kunywa."

"Siku akiona kiu ajue iko wapi."

Alimwekea magotini, mdomo juu. Akateremka, akamshukuru meneja kwa kumshikia ngazi, kwa sababu alimshikia.

Jioni hiyo alipiga simu Kibosho. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mwanawe bado amelowa. Felisia akasema ndiyo. Bibi akasema basi shimo libaki, akaenda kulisha mbuzi.

Maonyesho ya Aprili yaliyofuata Felisia alirudi. Baa ilikuwa imejaa tangu saa sita mchana, na meza namba kumi na tisa ilikuwa haipatikani mpaka uiwekeshe wiki mbili kabla. Ile ndoo nyekundu ilikuwa imeondolewa, badala yake kulikuwa na beseni la shaba linalolingana na pampu. Chini ya beseni kulikuwa na kibao cha shaba chenye maandishi ya Kichina.

"Kinasemaje?" Felisia aliuliza.

Adhiambo alikisoma kwanza kimya, kisha akavua miwani akaifuta, akaivaa.

"Kinasema, mgeni wetu wa kudumu. Alipenda nyumba hii akachagua kubaki, kwa hiari yake."

Felisia aliomba ngazi. Mhudumu akamwambia siku hizi ngazi hufungiwa stoo. Sababu aliitoa kwa Kichina; Felisia hakuiuliza, na Adhiambo hakuitafsiri. Aliagiza bilauri moja ya pipa la tatu, akainywa amesimama chini ya mume wake, matone yakimpiga begani. Akatazama juu. Koti lilikuwa limelowa, suruali imelowa, vidole vimekunjamana kwa maji. Kata ilikuwa pale pale magotini, mdomo juu, imekauka kama siku ilipotoka Kibosho.