Jiwe Nyuma ya Kabati la Chai

Katika kanisa letu la Nether Cobley hakuna kinachohamishwa bila kibali cha askofu, hata benchi lililovunjika mguu. Kibali huchukua miezi. Ndiyo maana kabati la chai, lililowekwa pale pekee penye bomba la maji, lilikuwa limekaa ukutani tangu kabla sijazaliwa, na hakuna aliyewahi kuuliza lilikuwa linaficha nini.

Boga la Gerald Luscombe halikuomba kibali.

Lilikuwa zito kuliko kasisi. Tulikuwa tunapamba kanisa kwa ajili ya sikukuu ya mavuno, na Gerald akalipandisha juu ya kabati ili lionekane tangu mlangoni. Kabati lililia, likainama, kisha nusu yake ya juu ikaporomoka pamoja na boga. Vumbi lilipotulia tuliona jiwe jeupe ukutani, limechongwa farasi anayekimbia, na chini ya farasi maandishi: Kikosi cha Wapanda Farasi cha Culmshire, waliotoka parokia hii kwenda vitani.

"Majina!" alipiga kelele Hilary Prowse, mbegu za boga zikiwa zimemjaa nyweleni. "Kuna majina!"

Kwa miaka mingi Hilary alikuwa akisema baani kwamba babu yake, Silas, alikuwa mpanda farasi wa kikosi hicho. Hakuna aliyemwamini. Silas alikumbukwa kwa jambo moja tu: baada ya vita, kila kiangazi, aliwapandisha watoto punda ufukweni. Babu yake Gerald aliacha buti na spa, vyuma vya kisigino vya kumhimiza farasi, nazo zilitundikwa palepale baani. Basi kila Jumapili ya Kumbukumbu ya waliokufa vitani, ambapo mjukuu wa mpanda farasi huweka shada la maua mekundu, shada lilikuwa la Gerald. Hilary alitaka kuliweka mara moja tu, kabla magoti hayajamkatalia.

Gerald alisoma kwa sauti. Majina yalipangwa kwa cheo: kapteni, luteni, sajini, sajini mwingine. Halafu yakazama nyuma ya nusu ya chini ya kabati, iliyokuwa bado imepigiliwa ukutani.

"Prowse hayumo," alisema. "Naona punda hawakuandikwa."

"Hatujafika chini, domo kaya wewe!"

"Tuling'oe," nilisema.

"Kibali," alisema Kasisi Imogen kwa huzuni. "Nitamwandikia askofu. Atatujibu Februari."

Jumapili ya Kumbukumbu huwa Novemba.

Hilary alifungua milango ya kabati. "Kasisi, kufungua ni kuhamisha?"

"Hapana. Kufungua ni kufungua."

"Na huu ubao wa nyuma umeoza. Je, ukianguka wenyewe?"

Kasisi alitazama dari kwa makini sana. "Leo vitu vinaanguka," alisema.

Tulitoa vikombe, sahani na birika kubwa. Hilary akachukua tochi, akaingia kwa kutambaa mpaka ikabaki miguu yake tu nje. Tukasikia teke moja, kisha ubao ukipasuka.

"Unaona nini?" aliuliza Gerald. Alikuwa ameacha kutabasamu.

"Buibui. Subiri. Sajini Tozer. Koplo Yeo. Koplo..."

Kabati lililobaki likaanza kutikisika. Nilidhani amepatwa na kifafa, kumbe ni kicheko. Vijiko vilivyosahauliwa kwenye droo vilicheza navyo.

"Koplo S. Prowse! Kasisi, njoo ulione! Hapana, usije, hapatoshi! Koplo! Na chini yake, Gerald, shika kiti: askari wa kawaida, T. Luscombe!"

Kasisi alicheka mpaka akakaa juu ya kipande cha boga. Nami nililazimika kuegemea nguzo.

"Yaani babu yangu," alisema Gerald polepole, "alimpigia saluti mwendesha punda?"

"Koplo hapigiwi saluti," nilimsahihisha. "Hutiiwa tu."

"Hiyo ndiyo ahueni?"

Miguu ya Hilary ilipiga sakafu mara mbili. Mabega yalikuwa yamenasa.

"Askari Luscombe!" iliita sauti kutoka kabatini. "Mwaka huu shada naweka mimi. Umesikia?"

Gerald alitazama jiwe, akatazama boga lake lililopasuka, kisha akavua koti na kushika viatu vya Hilary, kimoja kwa kila mkono.

"Ndiyo, koplo," alisema, akavuta.