Fedha ya Ua

Ko Thaw alipuliza makaa kwa bomba la mwanzi mpaka mashavu yakamuuma, kisha akatulia kuitazama fedha ikipoa ndani ya kibakuli cha udongo. Fedha safi ikipoa hutoa mistari myembamba juu yake, iliyoshikana mfano wa ua lililochanua. Fedha yenye shaba nyingi hupoa bapa, haina kitu. Hii ilipoa bapa.

"Robo yake ni shaba, mama," alimwambia Daw Pu, muuza samaki wa kuchachua, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni asubuhi ile.

"Robo nzima? Basi nichomee na haya meno yangu, mwanangu. Pengine ndiyo yenye ua."

Watu wakacheka. Ko Thaw hakucheka. Alikata ncha ya kipande kwa patasi, akakiweka kwenye mizani, akaongeza jiwe dogo la shaba lenye umbo la ndege, akataja uzito wa kweli. Mwaka huu alikuwa akitaja uzito wa kweli kwa kila mtu.

Ulikuwa mwaka wa pili wa amani. Vita na Waingereza vilimalizwa kule Yandabo, chini ya hema, wakubwa wa pande mbili walipokubaliana kwamba walioshindwa wangelipa rupia milioni kumi kwa mafungu manne. Mkataba ulitaja rupia. Lakini kwao walioshindwa, mjini Ava, hapakuwa na sarafu. Watu walinunua hata chumvi kwa vipande vya fedha vilivyopimwa. Kwa hiyo kila bangili na kila kikopo kilichokusanywa mitaani kilipitia kwa wapima fedha kama Ko Thaw, kikagongwa mhuri, kikapelekwa hazina, na kutoka hazina kikapakiwa kwenda kwa wageni. Ko Thaw alilipwa moja katika kila mia aliyoipitisha.

Kisha barua ikaja. Fungu la mwaka jana lilipoyeyushwa upya Kalkuta, kwa Waingereza, lilipungua. Upungufu uligawanywa kwa mikoa, mikoa ikaugawa kwa mitaa, na mitaa kwa nyumba. Leo mchana, mtaa wao ulitakiwa kumaliza sehemu yake.

Jua lilipopanda, akafika Ma Kyin. Alikuwa mjane, mumewe alikwenda vitani kuchimba mahandaki na hakurudi. Alfajiri aliuza kunde za kuchemsha, lakini tangu kapu la mchele lipande kutoka uzito wa tikali moja ya fedha hadi tatu na nusu, wateja wake walikuwa wakinusa mvuke na kupita. Alifungua jani la mgomba. Ndani yake mlikuwa na majasi mawili ya masikioni.

"Ni ya binti yangu, Mi Thet," alisema. "Baba yake alimnunulia siku ya kutogwa masikio. Nipimie, kaka. Nadaiwa tikali thelathini na nane. Mkuu wa mtaa amesema nisipotimiza leo, mtoto ataingia rehani kwa mama mkwe wa mkuu huyo, kwenye vitanda vya kufumia."

Ko Thaw alikwaruza jasi moja kwa patasi. Chini ya ngozi ya fedha, nyembamba kama ganda la kitunguu, palionekana risasi ya kijivu.

"Dada," alisema, akaligeuza jasi upande wa pili.

"Sema tu."

"Ni risasi. Fedha imepakwa juu."

Ma Kyin aliyatazama majasi yale, akatabasamu kidogo. "Marehemu alikuwa mwepesi wa kudanganywa. Muuzaji alimsifia msuli wake, basi." Aliyafunga tena taratibu, kana kwamba bado yana thamani. "Haidhuru. Nitawaambia ukweli mbele ya mtaa wote. Bangili zangu za mwaka jana zilikuwa safi. Si ulizipima mwenyewe? Kama zimepungua, zimepungulia mikononi mwao. Wewe utakuwa shahidi wangu."

Akaondoka. Ko Thaw alibaki ameshika patasi.

Bangili zile hazikuwa safi. Theluthi yake ilikuwa shaba. Alilijua hilo mwaka jana dakika ile ile zilipopoa bapa, na Ma Kyin amekaa hapo hapo, bado amevaa nguo ya matanga, akimwuliza kama zinatosha. Akamwambia zinatosha. Akagonga mhuri wa ua. Alijiambia kwamba wageni wana fedha nyingi, hawatahisi. Jioni ile Ma Kyin alimletea kikapu cha kunde na pilipili kavu kumshukuru, na Ko Thaw akala, akalala vizuri. Moja yake katika mia aliichukua pia.

Mchana watu walikusanyika chini ya nyumba ya U Myat, mkuu wa mtaa, wakakaa kwenye mikeka kati ya nguzo. Katikati paliwekwa sinia la majani ya chai yaliyovundikwa, pamoja na ufuta na vitunguu saumu vya kukaanga. Hakuna aliyeligusa. Kwa desturi yao shauri humalizwa kwa chai hiyo: ukishatafuna, umekubali, na hakuna baraza litakalokusikiliza tena.

Karani alisoma majina kutoka kitabu cheusi cha kukunja. Nyumba moja baada ya nyingine ililipa, ikatafuna, ikarudi nyuma. Daw Pu alitafuna huku akimwangalia karani. "Chai hii chungu, au ni sura yako, mjukuu?"

"Ma Kyin. Thelathini na nane."

Ma Kyin alisimama, binti yake nyuma yake. Msichana huyo alikuwa na miaka kumi na minne, na mkeka wake alikuwa tayari ameukunja chini ya kwapa.

"Sidaiwi, bwana mkuu," alisema Ma Kyin. "Bangili zangu zilikuwa fedha ya ua. Muulize kaka Thaw, ndiye aliyezipima."

Kila uso ukamgeukia Ko Thaw. Alijua kwamba akisema zilikuwa safi, Ma Kyin angelibeba neno hilo mpaka baraza la juu, na huko wangemchapa kwa kuwasingizia wakubwa.

"Hazikuwa safi," alisema. "Theluthi ilikuwa shaba. Niliona. Nilimwonea huruma, nikagonga mhuri. Kosa ni langu, bwana mkuu. Deni liandikwe kwangu."

Alitarajia kelele. U Myat alitema tambuu kwenye mkebe wake, akajifuta mdomo.

"Unadhani hatukuona, Ko Thaw? Mimi niliona. Karani aliona. Wa hazina nao wana macho."

"Sasa mbona mlipitisha?"

"Wewe mbona ulipitisha? Kila aliyeipitisha alichukua chake. Tulitakiwa uzito, uzito ukatimia, tukalala. Sasa wameutaka tena." Alimwashiria karani. "Mhuri wa uongo, faini tikali kumi, uniletee kesho. Deni halihami. Fedha ilitoka nyumbani kwa huyu mama."

"Lakini kosa..."

"Wakubwa hawakuniagiza makosa. Wameniagiza fedha."

Ko Thaw alimgeukia Ma Kyin. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Angeyapokea kama mtu anayepokea mzigo wake. Lakini Ma Kyin alikuwa akimtazama kama mtu anayefanya hesabu.

"Mwaka jana nilikuwa na nyati wa kulimia," alisema kwa sauti ya chini. "Ungeniambia, ningemuuza nyati. Alikuwa bado hai, hakufa mpaka kipupwe. Ningelipa, nikabaki na mtoto wangu."

"Dada, nilitaka kukusaidia."

"Najua, kaka."

Mke wa U Myat alishuka ngazi, akamshika msichana mkono, si kwa ukali. Mi Thet alimwambia mama yake kwamba kunde za kesho ziko kwenye maji, asisahau kuzimwaga. Kisha akaenda na mkeka wake. Ma Kyin aliinama, akachukua majani machache ya chai, akatafuna kwa muda mrefu sana kabla ya kumeza.

"Amebaki mpima fedha," alisema karani.

Sinia lilisogezwa mbele ya Ko Thaw. Alichota majani, akayafumba kiganjani, mkono akauweka juu ya goti.

"Kula, tumalize," alisema U Myat.

"Sili."

"Kula, Ko Thaw. Watu wana kazi."

"Shauri hili kwangu halijakwisha. Sili."

Watu walikohoa, wakatazama chini. U Myat alimwangalia kidogo, akapiga miayo, akamfanyia karani ishara kwa kidevu. Karani alilamba ncha ya kalamu yake ya jiwe, akaandika mstari mmoja, akausoma kwa sauti, kama ilivyotakiwa:

"Nyumba zote za mtaa zimelipa, na wote waliohudhuria wamekula chai."

Akakikunja kitabu. Ko Thaw alibaki kwenye mkeka, ngumi imefumbwa, maji ya majani yakimchuruzika katikati ya vidole.