Nani Auze Kilio cha Skola

Siku ambayo mume wangu alitakiwa kuwa tajiri, mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye majani na wanawake wa boma letu na maboma ya jirani, mtoto mgongoni, tukijadili atozwe ng'ombe gani.

Mume wangu anaitwa Gidahosh. Kwenye simu za watu anaitwa Gida Bosi. Ana studio pale Katesh, chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Kuta zote kabandika trei za mayai, lakini mashine ikiwashwa lazima asubiri watu wamalize kusaga mahindi yao ndipo arekodi. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Anachukua nyimbo ambazo mama yake na wenzake wanaimba kwenye harusi na uzazi, anaziwekea ngoma za kompyuta, halafu mwishoni anapiga kelele, "Gida Bosi, Hanang iko juu!" Kelele hiyo ndiyo utunzi wake.

Watu walizipenda. Vijana wa bodaboda walizipiga kuanzia Babati hadi Singida. Na wimbo uliopendwa kuliko zote ni ule unaoanza na mtoto analia. Mtoto huyo ni Skola wangu. Asubuhi niliyojifungua, wanawake walisimama nje ya nyumba wakaniimbia kama wanavyomwimbia kila mzazi, na Gidahosh, badala ya kuhangaika kama waume wengine, akapitisha simu kwenye upenyo wa ukuta akarekodi. Ukisikiliza vizuri na mimi nimo, namtukana. Sauti yangu aliipunguza, ya mtoto akaiacha.

Ndipo kampuni moja ya Dar es Salaam ikamtuma Sylvester, kijana mwenye ndevu za kuchongwa na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Hanang, wakati wa mvua! Alisema kampuni inataka kununua nyimbo zote za Gida Bosi kwa mkupuo, milioni sitini. Mume wangu alizunguka uani akipiga hesabu ya mabati kwa vidole. Na mimi sikubaki nyuma. Niliona sakafu ya simenti, Skola anatambaa bila kula mavi ya mbuzi. Hadi rangi ya pazia nilishachagua.

Mkataba alinipa mimi nimsomee, kwa kuwa mimi ndiye ninayekwenda masomo ya jioni. Nikausoma palepale jikoni, mama mkwe akisonga ugali.

"Kampuni itamiliki nyimbo zote na sauti zote zilizomo," nilisoma, "duniani kote na kwingineko kokote, milele. Mtu yeyote hataruhusiwa kuziimba hadharani bila kibali cha kampuni."

"Kwingineko kokote ni wapi?" mama aliuliza.

"Labda mwezini, mama."

"Na mbinguni?"

"Hawajasema haimo."

Mama alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Kwa hiyo nikifika kwa Mungu nisubiri yule mtoto wa viatu vyeupe aniletee kibali?" Halafu akaacha kucheka. "Na huyu mkeo Evaline akizaa tena, tumwimbie au tumnunie?"

"Mama, hayo ni maneno ya sheria tu," Gidahosh alisema.

"Hata mimi nina sheria." Akajifunga vizuri sketi yake ya ngozi, akatoka. Ugali ulikuwa haujaiva.

Gidahosh akashika kichwa. "Anakwenda kuwaita wanawake."

Kwetu Maretadu, kwa Wairaqw, mwanamume akikosea wanaitwa wazee wenzake. Huku kwa Wadatoga nilikoolewa, akiwakosea wanawake, wanawake wenyewe wanakaa. Wanatoza dume jeusi la ng'ombe, na hakuna pa kukata rufaa. Ila katika boma letu, mke wa mshtakiwa akisema hajakosewa, kikao kinavunjika watu wanakwenda kuchota maji. Hilo Gidahosh alilijua kuliko alivyoujua mkataba.

"Mama Skola," alinibembeleza, "neno moja tu. Sema hujakosewa. Mabati, mama Skola! Mabati!"

Kikao kilikaa kesho yake kando ya zizi, mahali ambapo wanaume hawakuruhusiwa kusogea. Hapohapo Sylvester akafika na kalamu yake mpya kuja kusainisha.

"Mambo vipi, akina mama! Hiki ni kikundi cha vikoba?"

Wanawake wote wakamgeukia. Hata mbuzi waliacha kutafuna.

"Sema shikamoo," nilimnong'oneza.

"Shikamooni."

"Marahaba. Kaa chini," mama alisema.

"Suruali yangu, mama..."

"Kaa."

Akakaa. Mama akasimama. "Huyu mwanangu amerekodi uzazi, sasa anauuza. Nimemzaa lakini simtetei. Alipokuwa mdogo alimuuzia jirani kuku wa jirani huyohuyo."

"Na mimi ndiye jirani," akasema mama mmoja, Fausta. "Sikurudishiwa."

Sylvester akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Mama zangu, hii ni biashara. Kilio kile kina thamani. Ukweli ni kwamba mtoto huyu ni msanii."

"Akilia kwa njaa je?" Fausta aliuliza. "Analia chake au cha kampuni?"

"Inategemea. Kama ni hadharani..."

Nadhani hakuwa anatania. Skola naye akaamka, akalia, na Sylvester, Mungu amsamehe, akatoa simu akamwelekezea.

Wanawake walipiga ukelele ambao simu ile haijawahi kurekodi. Mimi nilimshusha mtoto nikamnyonyesha. Akanyamaza, mkono mmoja kaupachika kwenye shanga zangu, ananitazama kana kwamba hakuna mwingine duniani wala kwingineko kokote.

"Mke, sema," mama aliniambia. "Umekosewa au hujakosewa?"

Niliifikiria simenti. Sitadanganya, nilifikiria mpaka lile pazia.

"Amenikosea," nikasema. "Wimbo ule niliimbiwa mimi, na sikumpa. Huyu hata kuongea hajui, kilio chake alimpa nani?"

Nyuma ya zizi mtu akaguna, "Mabati yangu!"

"Nani yuko huko?" mama akauliza.

"Hakuna mtu," mume wangu akajibu.

Dume jeusi Gidahosh alikuwa naye mmoja tu, anayempenda kuliko pikipiki yake. Alimleta mwenyewe kwa kamba, bila kututazama. Sylvester aliambiwa wazi kwamba nyimbo za wanawake haziuzwi, wala vilio vya watoto wao. Akampigia bosi wake. Bosi alisema basi anunue alizotunga Gida Bosi mwenyewe. Tukazitafuta. Zilikuwa mbili: mmoja wa kuisifu pikipiki, na mwingine wa kuilaumu timu yake ya mpira. Bosi akausikiliza wa pikipiki kwenye simu, akasema mjini unaweza kupendwa. Nikachukua ile kalamu mpya, nikafuta kila mstari uliozidi, na Sylvester akalipa bei ya pikipiki kuukuu.

Jioni wanawake tulikula nyama. Gidahosh alikaa nje ya uzio akinusa. Niliporudi nyumbani alikuwa ameshika kiberiti bila kuwasha kitu.

"Ungenitetea, mama Skola."

"Ningekutetea wewe, huyu angetetewa na nani?"

Alimtazama mtoto, akampokea. "Sauti yako pia nilikuwa nimeiuza," alisema polepole. "Yale matusi."

"Hayo ungeuza bei kubwa zaidi. Hela ile inaezeka chumba kimoja. Tuanze na cha Skola."

"Skola hana chumba."

"Ndiyo maana."

Siku iliyofuata alikwenda kwa mama yake kumwomba wimbo mmoja, wa harusi, kwa adabu, mgawo wa wanawake ukiandikwa kwanza. Mama alimwambia auimbe wote mbele yao bila kompyuta, wamwone kama anaujua. Hakuujua. Sasa anafundishwa kila jioni, akikosea wanamcheka, na mimi nikitoka darasani nawasikia tangu barabarani.