Mama Katungu Arudishwa Angani

Mume wangu Élisée anaongoza ndege katika mnara wa uwanja wa Goma, na kazi hiyo ilimharibu. Mnarani rubani akipewa agizo lazima alirudie lote, neno kwa neno, ndipo Élisée amjibu, "Ni sawa kabisa." Mpaka hapo sina neno. Lakini yeye alikuwa anarudi na mnara mpaka nyumbani kwetu Ndosho. "Kasoki, vile visamaki vya sambaza vikaangwe bila pilipili. Rudia." Nirudie nini? Mimi ni ndege? Siku ya ndoa yetu padri ndiye aliyenifanya nirudie maneno mbele ya altare, nami mjinga nikadhani hiyo ndiyo mara ya mwisho.

Nilivumilia. Ila siku alipompigia mama yangu simu kule Beni, akamweleza jinsi ya kunywa dawa ya mgongo, kisha akamwambia, "Mama, rudia," hapo maji yalizidi unga. Mama Katungu anauza maharagwe sokoni tangu mimi sijazaliwa, na wakubwa wa soko ndio wanaomwamkia kwanza. Alikata simu. Mimi nikafunga valizi ya nguo, nikamfuata Beni.

Élisée alipiga simu kila jioni, akaapa ameacha. Mama hakuamini.

"Tutaenda Goma siye wawili," akasema. "Nikisikia amesema lile neno mara moja tu, kokote, kwa mutu yeyote, tunabeba masufuria yako na tunarudi Beni." Jioni hiyo nikamweleza Élisée sharti hilo.

Barabara ilikuwa haipitiki kwa sababu ya vita, basi tukapanda ndege. Kwa mama ilikuwa mara ya kwanza. Kwa mkono mmoja alishika rozari, kwa wa pili alishika wangu, na sijui kipi alikiminya zaidi. Moyoni nilitaka Élisée ashinde. Nilikuwa nimemkumbuka, hata kelele zake. Lakini namjua mtu wangu: kumwambia anyamaze ni kumwambia mbuzi alinde mihogo.

Juu ya ziwa mvua ilitufunika, dirishani weupe mtupu. Ndege ikaanza kushuka, masikio yakaziba. Ghafla injini zikanguruma, pua ikainuka, tukaanza kupanda tena. Kikapu cha mama kikapinduka, maparachichi yakabingirika mpaka mkiani.

"Kasoki! Bwana yako iko natukatalia kuingia!"

"Mama, labda si yeye."

"Ni nani njo iko mu mnara leo?"

Nikainamisha kichwa. Ilikuwa zamu yake. Asubuhi alikuwa ameniandikia kwamba atatupokea angani kwanza, kisha chini. Abiria wote waligeuka kunitazama. Baba mmoja wa kiti cha nyuma akanigusa bega.

"Mama, umuombe tu musamaha," akasema. "Tuko na batoto huku."

Tulizunguka ziwa, tukashuka tena, tukatua salama. Watu wakapiga makofi. Mama hakupiga.

Élisée alikuwa mlangoni mwa uwanja, zamu yake imekwisha, shati limelowa jasho. Mama akamwendea moja kwa moja.

"Weye! Juu ya nini umenirudisha mu mawingu?"

Élisée akafungua mdomo, akaufunga. Akampa mama mikono miwili kwa heshima, akatikisa kichwa, basi. Maskini, aliogopa lile neno lisimtoke lenyewe.

Aliyemwokoa ni rubani wetu. Alikuja mbio, akajitaja jina, Julien, akamshika Élisée mabega, na bila kuficha akatueleza kosa lake mwenyewe. Kabla ya kutua, mnara humpa rubani kipimo cha hewa ya Goma, naye hukiweka kwenye saa inayomwonyesha yuko juu kiasi gani. Yeye alikuwa amegeuza tarakimu mbili. Saa ikamdanganya kwamba yuko juu, kumbe yuko chini. Na kipimo chenyewe hakukirudia, alijibu tu, "Nimepata, merci."

"Papa huyu akanyamaza," Julien akasema. "Akanyamaza sana. Nikafikiri imeisha. Kisha nikamusikia kwa sauti kidogo, sawa mutu anaomba: 'Samahani, komanda. Rudia.' Nikarudia, na yeye akasikia kosa. Palepale akanipandisha."

Neno likawa limetajwa, tena mbele ya mama. Nikahisi masufuria yangu yanafungwa.

"Na kama angenyamaza?" mama akauliza.

"Mama, tungeingia mu manyumba ya batu."

Mimi nilikuwa nakifikiria kile kimya. Élisée alijua tumo ndani, na alijua neno hilo litamgharimu nini, akalisema hata hivyo. Machozi yalinitoka palepale mbele za watu, na sikuona haya.

Mama aliokota parachichi lililopondeka kikapuni, akaligeuza, akalirudisha.

"Kasoki. Unabaki?"

"Ninabaki, mama."

Akamtazama Élisée toka viatu mpaka kichwa, kisha akanigeukia mimi, uso mkavu.

"Rudia," akasema.

"Ninabaki."

Élisée, ambaye hakuwa ametoa sauti tangu tufike, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Ni sawa kabisa," akasema.