Picha za Mwanzo wa Mkanda

Mzee Tulia alifagia mbele ya studio yake kama alivyofanya kila asubuhi, ingawa studio ilikuwa imefungwa kwa amri na mkewe alikuwa amefariki jana yake. Alifagia kwa sababu mikono ilikataa kukaa bure. Alipomaliza, aliegemeza ufagio ukutani akabaki anaukodolea macho mlango.

Karatasi ya manispaa ilikuwa imebandikwa nusu kwenye mlango, nusu kwenye fremu, ili mtu akifungua ichanike. Juu yake palikuwa na mhuri na maneno: HUDUMA ISIYO YA LAZIMA. Ng'ambo ya barabara, duka la kubashiri mechi lilikuwa wazi, na mechi zenyewe zilikuwa zimesimamishwa dunia nzima. Huko kulikuwa na ulazima gani, hakuna aliyethubutu kuuliza. Ugonjwa ulikuwa umeingia mjini, na waliopewa mihuri walikuwa wakiipiga.

Jina lake halisi watu walishalisahau. Walimwita Tulia kwa sababu kila aliyeketi mbele ya kamera yake aliambiwa, "Tulia hapohapo." Maharusi walitulia, wahitimu walitulia, na watoto waliokuwa wakirusha miguu waliishia kutulia. Nusu ya sura zilizoning'inia kwenye kuta za mtaa ule zilipitia mikononi mwake.

Nyumbani alimkuta bintiye barazani, cherehani mbele yake, rundo la barakoa miguuni. Alikuwa na tenda ya kushona barakoa, na msiba haukuisimamisha. Macho yalikuwa yamemvimba lakini mshono ulikuwa umenyooka.

"Wamepiga simu kutoka wodi ya kutengwa," alisema. "Wanamleta makaburini wenyewe, saa kumi. Jeneza halifunguliwi."

"Nilijua."

"Sasa watu watamuaga nani, baba? Mbao? Nataka sura yake pale juu. Picha moja tu."

Walikuwa wametafuta usiku mzima. Kwenye simu ya binti kulikuwa na picha za miezi ya karibuni, na katika zote mama alikuwa na barakoa. Yalionekana macho tu na kitambaa cha maua. Picha za zamani zaidi zilikuwa zimepotea na simu iliyoibiwa. Kilichobaki ni kitambulisho, na kwenye kitambulisho mama alionekana kama mtu aliyekamatwa.

"Umepiga picha mji mzima," binti alisema bila kuinua kichwa. "Mama ukamwacha."

Kinyozi hajinyoi, Tulia alitaka kusema, lakini methali haikutoka. Kila mara mkewe alipomwomba, alimjibu kuwa atampiga picha ya maana siku kazi zikitulia. Kazi zilitulia mwaka huu, na aliyezituliza si yeye. Alichukua kile kitambulisho akakitia mfukoni mwa shati, akaondoka.

Afisa afya wa manispaa alikaa nyuma ya karatasi ya nailoni iliyoning'inizwa kutoka darini. Alikuwa kijana mwenye sauti laini, na ndiye aliyetia sahihi amri ya kufunga studio. Tulia alinawa mikono mlangoni, akasimama kwenye alama ya chaki.

"Naomba saa moja tu, mheshimiwa. Mashine zangu ziko ndani. Nikuze hii picha ya mke wangu, nifunge."

"Pole sana, mzee. Kwa kweli pole. Lakini nikikufungulia wewe leo, kesho atakuja kinyozi, keshokutwa mwenye ukumbi."

"Hao hawajafiwa."

"Andika barua. Kamati inakaa Alhamisi."

"Mnamzika leo saa kumi."

Afisa alipandisha barakoa yake puani, ingawa haikuwa imeshuka. "Ndiyo hivyo tena, mzee wangu. Mkono wangu ni mfupi."

Tulia hakumchukia. Aliinua macho asimtazame, na macho yakatua ukutani, kwenye picha ya harusi ndani ya fremu ya dhahabu. Aliitambua kazi yake kabla hajaitambua sura ya bwana harusi.

"Ulitupiga wewe, mzee," afisa alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu. "Mke wangu anaipenda sana ile. Akija hapa lazima aipanguse."

Siku ile Tulia aliikumbuka vizuri. Bibi harusi alivunjikiwa kisigino cha kiatu mlangoni, akaketi kwa fundi viatu wa jirani akilia huku kikigongwa. Ndani, mkanda mpya ulikuwa umeshaingizwa kwenye kamera na taa zinangoja kupimwa. Mkewe akalichukua shada la maua la bibi harusi, akaketi kwenye kiti cha watu, akainua kidevu. "Haya, pima," alisema. "Leo naolewa tena, na safari hii nachagua."

Tulia alichuchumaa palepale kwenye chaki.

Mkewe ndiye aliyekaa kwenye kile kiti kila mkanda mpya ulipoingia. Picha ya kwanza ya mkanda huwa haiaminiki. Mwanga umeshaigusa wakati wa kuutia, mara nyingi pembe moja imeungua. Mpiga picha huitupa tu hewani. Yeye alimtupia mkewe, apime taa, kisha akamwita mteja. Hakuwahi kuichapa hata moja. Hakuwahi kuzihesabu kuwa ni picha.

"Mzee? Hujisikii vizuri?" Afisa alisogea nyuma kidogo.

"Nimepona," Tulia alisema, akatoka.

Fundi viatu alikuwa kibarazani kwake, amefunga mlango lakini anafanya kazi nje, kwa siri ambayo mtaa mzima uliijua.

"Una kisu?"

"Cha kukatia soli."

"Kinatosha."

Fundi alimwona anapoelekea. "Wakikuuliza, utasema nini, kaka?"

"Nitasema nilikuwa na kazi ya lazima."

Karatasi ilikatika bila kelele. Ndani kulinuka vumbi na dawa za zamani. Alivuta makasha yaliyo chini ya meza, akaanza kuitoa mikanda kwenye bahasha zake na kuinyanyua dirishani, mmoja baada ya mwingine, akiangalia mwanzo tu. Alikuwemo. Mkewe alikuwemo kwenye kila mmoja, rangi zimegeuka, nywele nyeupe na meno meusi, lakini ni yeye. Alikuwemo msichana wa nywele za kusuka, siku studio ilipofunguliwa. Alikuwemo na tumbo la binti yao. Alikuwemo amenuna, walipogombana asubuhi na kazi ikabidi ifanyike. Alikuwemo na miwani yake ya kwanza, anaionea aibu. Hakutulia hata kwenye picha moja. Kila mahali mdomo ulikuwa wazi, katikati ya neno. Tulia aliketi kwenye kile kiti chake akalia kwa sauti, bila kujali nani anapita.

Kisha akafanya kazi. Aliiweka mikanda juu ya kioo chenye taa, akaipiga picha upya, akazigeuza rangi kwenye kompyuta, akachapa hadi wino ukakaribia kwisha.

Saa kumi, wanaume waliovaa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi viatuni waliteremsha jeneza. Walioruhusiwa kusimama karibu walikuwa wachache. Binti aliiweka juu yake picha ya mama mwenye shada la maua, anacheka, pembe moja imeungua rangi ya chungwa. Alimshika baba yake mkono wa koti, akaushikilia mpaka mwisho.

Kutoka makaburini Tulia alirudi studio. Alizitoa dirishani picha zote za wateja, maharusi na wahitimu, akabandika za mkewe, tangu nywele za kusuka hadi mvi. Wapita njia walisimama. Nyuma ya barakoa zao hukujua nani anatabasamu, lakini walikaa pale muda mrefu, na baadhi walimwita marehemu kwa jina lake, kama wanavyosalimia mtu.

Jua lilipokuwa linashuka, afisa afya alifika na msaidizi aliyebeba gundi na karatasi mpya yenye mhuri. Fundi viatu aliingiza zana zake kwenye mfuko. Afisa aliiangalia karatasi iliyokatwa, akaliangalia dirisha, akaganda kwenye picha moja.

"Hili shada," alisema. "Hili si letu?"

"Ni lenu. Mkeo alikuwa kwa fundi, anagongewa kiatu."

Afisa aliisogelea picha. Msaidizi wake, ambaye hakuwa na habari ya lolote, alishapaka gundi na kuinua karatasi kuelekea kwenye kioo, palipokuwa na nafasi ya kuonekana vizuri. Tulia hakumzuia. Alimgusa tu kiwiko, kwa adabu, kama alivyowagusa wateja kuwasogeza kwenye mwanga.

"Shusha kidogo, kijana," alisema. "Usimzibe uso."